Safari Hufichua: Nasaha kwa Wasafiri wa Wakati wa Baridi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuisimamishia milima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.



Wapo wenzetu waliojaaliwa kwenda kusoma New Zealand. Huko baridi kali huwa Juni na Julai, na ndio wakati wa likizo ya kati ya mwaka. Vijana wanne watano huchanga fedha, wakakodi gari lenye vitanda na jiko ndani yake, wakatoka Christchurch kuelekea milimani: Ziwa Tekapo, Ziwa Pukaki, hadi Queenstown. Safari kama hiyo ni neema, na Qur'ani imetuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kutazama. Lakini tujiulize: je, dini nayo imepanda garini, au imeachwa bwenini?

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (R.A.). Umar akamuuliza kama ni jirani yake, kama amewahi kufanya naye biashara, kama amewahi kusafiri naye. Aliposema hapana, Umar akamwambia kuwa basi hamjui mtu huyo. Msikitini sote tunafanana. Ndani ya gari ambalo mmoja akijigeuza wote wanaamka, hapo ndipo anapojulikana mvumilivu na mbinafsi, na anayeswali kwa sababu watu wanamwona na anayeswali kwa sababu Mola wake anamwona.

Jambo la kwanza ni uongozi. Mtume (S.A.W.) ameagiza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao amiri (Abu Daud). Amiri si mkubwa wa kuletewa chai. Ni yule atakayesema "leo hatuendi" pale barabara ya mlimani ina barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami, na wenzake wanamhimiza kwa kuwa mahali pa kulala kesho pameshalipiwa. Na suala la nani analala wapi limalizwe kabla ya kukodi gari. Wavulana na wasichana wasio maharimu kulala katika gari moja hakuhalalishwi na maneno "sisi ni kama ndugu". Dada zetu nao wana hukumu zao za safari. Wawaulize mashekhe kabla ya kulipa, si baada ya kufika.

Jambo la pili ni swala. Kutoka Christchurch hadi Tekapo ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili, kama ilivyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 101, na Sunna ikaibainisha. Mwishoni mwa Juni jua la huko huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na moja jioni. Alfajiri haimwondoi mtu usingizini usiku wa manane. Inamkuta karibu na muda ambao angeamka kwenda darasani. Mchana ni mfupi kiasi kwamba kufunga sunna hakuchoshi. Ni msimu uliojaa wepesi kwa anayetaka.

Kinachobaki kuwa kizito ni maji. Hapa pia sheria imetutangulia. Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) alikuwa na Mtume (S.A.W.) safarini, akainama kumvua khufu zake ili atawadhe, Mtume akamzuia, kwa kuwa alizivaa akiwa na twahara, akapangusa juu yake (Bukhari na Muslim). Msafiri ana siku tatu na usiku wake kwa ruhusa hiyo. Kuhusu soksi za kitambaa, wanavyuoni wana kauli tofauti, basi ulizeni mapema.

Wengine hukimbilia kisa cha Amr bin Al-As (R.A.), aliyeamka na janaba usiku wa baridi kali katika vita vya Dhatus-Salasil, akachelea kufa akioga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alicheka wala hakumlaumu. Kisa ni sahihi, lakini tukitazame vizuri. Amr hakuwa na jiko la gesi wala birika. Wewe unayechemsha maji ya kahawa asubuhi huna udhuru wa Amr. Chemsha na ya udhu. Mtume (S.A.W.) amelitaja tendo la kukamilisha udhu wakati wa tabu kuwa miongoni mwa mambo yanayofuta makosa na kupandisha daraja (Muslim).

Mkirudi Christchurch, ingieni mkaswali Msikiti wa Al Noor. Hapo na katika kituo cha Linwood, Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, waliuawa Waislamu 51 waliokuwa wamekwenda kuswali. Wao swala iliwagharimu uhai. Sisi tuiache kwa sababu maji ni baridi?

Jambo la tatu ni kulinda nafsi. Nyumba moja iliungua usiku mjini Madina, Mtume (S.A.W.) akaonya kuwa moto ni adui yetu, tuuzime tunapolala (Bukhari na Muslim). Anayewasha jiko la gesi ili apate joto, madirisha yamefungwa, huweza kuuawa na hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Onyo hili halimhusu aliye ng'ambo peke yake. Jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku, hapa kwetu kwenye miinuko yenye baridi, huua vivyo hivyo.

Kisha, ndugu zangu, tazameni. Maji ya Pukaki yana rangi ya feruzi kwa sababu mito ya barafu huko juu husaga miamba kwa uzito wake hadi ikawa unga laini unaoelea majini na kutawanya mwanga. Kwenye upeo wa ziwa umesimama mlima Aoraki, mita 3,724. Suratu Fatir, aya ya 27 na 28, inataja milima yenye mistari myeupe na myekundu na iliyo myeusi sana, kisha inasema kwamba wanaomcha Mwenyezi Mungu katika waja wake ni wenye elimu. Anayesoma jiolojia amepewa mlango wa ucha Mungu. Asipite akipiga picha tu.

Barafu hiyo inapungua, kama inavyopungua ile ya Rwenzori kwetu. Sisi ni makhalifa wa ardhi, si wamiliki. Anayemwaga uchafu wa choo cha gari kando ya ziwa akumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kujisaidia kwenye njia za watu na vivuli vyao (Muslim).

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awe mwenzetu safarini na mlinzi wa tuliowaacha nyumbani, aturudishe tukiwa na swala zetu zote na urafiki wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.