Daftari la Watu na Amana ya Siri

Mtu akiweka amana kwa mwenziwe, kisha akafa, je, amana ile imekufa pamoja naye? Killa mwenye akili atajibu kuwa haikufa, bali imehamia kwa warithi wake. Lakini ikiwa amana yenyewe si fedha wala shamba, bali ni siri, mas'ala huwa mazito zaidi. Kwani siri haigawanyiki kama mirathi, na mrithi mmoja akiisha kuifungua, wote wameipoteza. Mas'ala haya yamezuka katika nchi nyingi kwa sababu ya madaftari ya zamani ya hesabu ya watu, nayo yadhihirika vizuri katika hesabu iliyofanywa Uingereza mwaka 1911.

Usiku wa tarehe 2 Aprili mwaka ule, killa mkuu wa nyumba alitakiwa aandike majina ya wote waliolala nyumbani mwake, na umri wao, na kazi zao, na mahali walipozaliwa. Killa mke mwenye mume aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa wangapi, wangapi wahai na wangapi wamekufa. Na safu ya mwisho iliuliza jambo la uchungu zaidi: ni nani katika nyumba hii aliye kipofu, au bubu na kiziwi, au mwenda wazimu, au mpungufu wa akili. Sheria iliwalazimisha kujibu, na karatasi yenyewe ikawaahidi kuwa waliyoyaandika yatakuwa siri. Haikuwaambia yatakuwa siri mpaka lini.

Muda wa miaka 100 ulikuja kuwekwa kwa amri ya mwaka 1966, yaani miaka 55 baada ya ahadi ile. Kisha mwaka 2000 ikapitishwa sheria ya haki ya watu kupata habari zilizomo serikalini. Na mwaka 2006 msimamizi wa sheria hiyo akaamua, katika shauri la nyumba moja, kuwa karatasi ya 1911 haipasi kufichwa kwa sababu ya muda huo peke yake. Januari 2009 madaftari yakaanza kufunguliwa, lakini ile safu ya maradhi ikafunikwa hatta Januari 2012.

Wenye kutaka madaftari yafunguliwe wana hoja yenye nguvu. Kujua jamaa ni katika kuunga udugu, na mtu asiyemjua babu yake atawaungaje waliotoka kwake? Yatima aliyelelewa na watu wa mbali huweza kulikuta katika karatasi moja jina la mama yake alilolikosa kwa watu wote. Tena daftari ni shahidi wa mafukara, ambao hawakutajwa katika vitabu vya wafalme. Safu ya watoto waliokufa ndiyo iliyoonyesha jinsi watoto wa mafukara walivyokufa kwa wingi kuliko wa matajiri. Lakini faida hii ya mwisho ilipatikana kwa kujumlisha hesabu tu, pasina kutangaza jina la mama hatta mmoja. Basi haiwi hoja ya kufungua majina.

Wenye kutaka yafungwe hujibu kwamba mtoto aliyeandikwa kiziwi akiwa na umri wa miaka miwili aliweza kuwa hai mwaka 2009. Na asipokuwa hai yeye, huenda yu hai mwanawe. Maiti naye hana ulimi wa kujitetea. Tena mwenye kuona ahadi ya jana imevunjwa, kesho akiulizwa atasema uwongo, na hesabu yote itaharibika.

Na dhara ya siri kufunguliwa kabla ya wakati wake imeshuhudiwa. Mwaka 1942 Marekani iliondoa kwa sheria ya vita ile hifadhi ya siri za hesabu ya watu. Hesabu ya 1940 ikatumiwa kujua mitaa ya watu wa asili ya Kijapani, wakahamishwa makwao katika pwani ya magharibi. Na mwaka 1943 majina na makao ya wale waliokaa Washington yakatolewa kwa wizara ya fedha. Jambo hili la majina halikudhihirika mpaka mwaka 2007. Na huko Uholanzi, daftari la wakaazi lililoandika dini ya killa mtu lilikuwa msaada kwa Wajerumani katika kuwatafuta Mayahudi, hatta wazalendo wakalitia moto daftari la Amsterdam tarehe 27 Machi 1943. Basi adui mkubwa wa siri hakuwa mjukuu mwenye kutafuta nasaba baada ya miaka mia, bali ni mtawala aliyelishika daftari na wenyewe wangali hai.

Lakini si haki vilevile kuyachoma yote. Australia ilikuwa na desturi ya kuyaangamiza makaratasi yenye majina. Tangu mwaka 2001 killa mtu huulizwa kama aridhia jina lake lihifadhiwe na kufungwa kwa miaka 99, na mwaka ule zaidi ya nusu waliridhia. Hii ndiyo njia ya insafu: mwenye siri aulizwe angali hai, aambiwe muda kabla ya kuandika, na asiyeridhia aachwe. Na pale ambapo muda haukutajwa, mwenye kushika amana aifasiri ahadi kwa kumhurumia aliyeitoa siri, si kwa kumpendeza aitakaye.

Yabaki jukumu la mjukuu. Mlango uliofunguliwa na serikali si ruhusa ya kutangaza. Katika miji ya pwani, ambako mtu huweza kutukanwa kwa asili ya babu yake, jambo hili halihitaji dalili. Atakayeikuta aibu ya mzee wake katika karatasi kuukuu na aisitiri kama ambavyo angependa yake isitiriwe. Na atakayeikuta aibu ya mzee wa jirani, basi sitara ile ni wajibu mara mbili.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.