Anayelimiwa na Anayelima

Tarehe 6 Mei 2023 nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya mama yangu katika soko la Muyinga. Mama anauza chumvi, sabuni na mafuta ya mawese. Redio ya jirani yetu, fundi cherehani, ilikuwa inaeleza habari za London, ambako Mfalme Charles wa Tatu alikuwa anavikwa taji. Mwanzoni mwa mwezi huohuo Benki Kuu ya Burundi ilikuwa imeshusha thamani ya faranga, na bei rasmi ya dola ikapanda kwa takribani asilimia 38. Bidhaa nyingi anazouza mama huingia kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero, kwa hiyo habari ya dola ilimfika kabla ya habari ya taji.

Mama alisikiliza kidogo, kisha akauliza: "Karamu hiyo analipa nani?"

Fundi akajibu, "Mfalme mwenyewe, Mama. Yule ni tajiri."

Nikasema hapana, inalipa serikali. Mama akafunga kifuko cha chumvi na kusema, "Basi wanalipa wanaonunua chumvi."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali la insha hii: je, ni haki serikali kutumia mali ya umma kwa sherehe za kifalme, au sherehe zinazofanana nazo, wakati wananchi wanashindwa kununua chakula? Msomaji anaweza kunikatiza mapema na kusema kwamba Burundi haina mfalme. Ni kweli, ufalme wetu ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966. Lakini ngoma za mfalme hazikufutwa pamoja naye. Hadi leo mgeni mkubwa akifika, au taifa likiadhimisha siku yake, ngoma zilezile hupigwa, majukwaa hujengwa, magari hupangwa, watu huitwa wajipange barabarani. Mfalme aliondoka, sherehe ikabaki. Kwa hiyo swali ni letu pia.

Nakiri kwamba nilipoanza kufikiri nilikuwa na jibu moja tu: zifutwe zote. Nilikuwa na sababu yangu. Mwaka huo, siku chache kabla sijarudi Gitega kwa masomo, ulipita mchango wa sherehe fulani. Sitasema ni ya nani. Tuliambiwa mchango ni wa hiari, lakini aliyekuja kuuchukua alikuwa na daftari lenye majina, na mbele ya kila jina palikuwa na nafasi ya kuandika kiasi. Mama hakutaka jina lake libaki na nafasi tupu. Alitoa fedha alizokuwa ameniwekea za nauli. Na kwa kuwa mafuta ya gari yalikuwa haba, nauli ya kwenda Gitega kupitia Karuzi ilikuwa imepanda mno. Nilichelewa wiki moja na zaidi, na mtihani mmoja nikaukosa. Siku ya sherehe yenyewe hatukuhudhuria. Hatukuona hata soda iliyonunuliwa kwa nauli yangu.

Mtu aliyeumia hivyo hupenda kusikia mifano inayomuunga mkono, nami niliipata karibu, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2015 Rais John Magufuli wa Tanzania alifuta sherehe za uhuru za tarehe 9 Desemba, akawataka wananchi washike mafagio na kufanya usafi, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kinaua watu. Shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye aliahirisha sherehe hizo, na shilingi milioni 960 zikaelekezwa kwenye ujenzi wa mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Niliandika mifano hiyo katika daftari langu nikaona kazi imekwisha. Bweni ni bora kuliko gwaride. Nani atabisha?

Aliyebisha ni mama. Nilipomsomea nilichoandika alicheka. Akanikumbusha harusi ya dada yangu, iliyofanyika mwaka ambao maharage yaliharibika shambani kwa mvua. Baba aliambiwa na ndugu zake aisogeze mbele. Alikataa. Alikopa mchele, majirani wakaleta mbuzi wawili, shangazi akaleta mafuta, na watu wakala hadi jioni. "Tulikuwa na njaa kabla ya harusi na baada ya harusi," mama alisema, "lakini siku ile tulikuwa watu." Kisha akaniuliza kama nami ningeifuta harusi ya dada yangu nikamjengee bweni.

Sikuwa na jibu. Maskini naye husherehekea, na tena hasa wakati wa shida, kwa sababu shida humfanya mtu ajisahau kwamba ana jina, ana ukoo, ana watu. Ikiwa familia ina haki hiyo, kwa nini taifa lisiwe nayo? Mwaka 2014 UNESCO iliitia ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Nimewaona wapigaji kutoka Gitega wakiruka huku wameshika mirisho, na watu waliokuwa wamenuna kwa kukosa sukari wakasimama wakatabasamu. Jambo hilo lina thamani, ingawa halipimwi kwa kilo. Anayesema kwamba mwenye njaa hahitaji kitu kingine ila chakula anamfanya mwenye njaa kuwa tumbo tu.

Basi tofauti kati ya harusi ya dada yangu na ile sherehe iliyokula nauli yangu ni ipi? Jibu nililipata Gishora.

Gishora ni kilima kilicho kilomita chache kutoka mji wa Gitega. Mwami Mwezi Gisabo alikifanya kuwa mahali patakatifu pa ngoma katika karne ya 19, baada ya kumshinda mtemi Ntibirangwa aliyekuwa amemwasi. Tulikwenda huko na wanafunzi wenzangu. Hapo zimehifadhiwa ngoma mbili tukufu. Moja inaitwa Ruciteme, nyingine Murimirwa. Sisi tunaojua Kirundi tulikuwa tumeyasikia majina hayo tangu utotoni bila kuyafikiria. Ruciteme ni yule ambaye kwa ajili yake watu hufyeka msitu. Murimirwa ni yule anayelimiwa.

Nilisimama nikayarudia majina hayo. Ngoma ya mfalme haikuitwa Mshindi wala Mwenye Nguvu. Iliitwa Anayelimiwa, na hapawezi kuwapo anayelimiwa pasipo anayelima. Mtu anaweza kulisikia jina hilo kama majivuno: mimi ni bwana, wengine wanilimie. Lakini linaweza kusikika pia kama deni, kwa sababu anayelimiwa anakula jasho la mtu, na jina lake linamkumbusha hivyo kila ngoma inapolia.

Sherehe kubwa ya ufalme wa zamani, umuganuro, ilifungamana na deni hilo. Ilifanyika mwezi wa Desemba, wakati wa kupanda mtama. Mwami alikula ugali wa mtama katika ibada, ngoma zikalia, na hapo ndipo nchi nzima iliporuhusiwa kupanda. Sisemi kwamba zama hizo zilikuwa pepo. Watu walitozwa ng'ombe, pombe na kazi, na wengi hawakuwa na uwezo wa kukataa. Lakini sherehe yenyewe ilikuwa mwanzo wa kazi ya chakula. Aliyeisikia ngoma alishika jembe. Leo tukisikia ngoma tunafunga maduka.

Kiswahili na Kirundi vinanisaidia hapa. Katika Kirundi, ingoma ni chombo kinachopigwa, na pia ni utawala, enzi ya mfalme. Katika Kiswahili, ngoma ni chombo, na pia ni shughuli yenyewe ya kucheza na kufurahi. Mimi niliyekulia katika lugha zote mbili ninaona kwamba utawala na furaha vimelala ndani ya neno moja. Hatari huja pale utawala unapotaka furaha ionekane hata kama haipo.

Historia yetu inaonyesha kwamba fahari pekee haiulindi utawala. Ntare wa Tano alitawazwa tarehe 1 Septemba 1966, kijana ambaye hajafikisha hata miaka 20. Siku 88 baadaye Kapteni Michel Micombero alimpindua. Mfalme alikuwa Kinshasa wakati huo, amealikwa kwenye sherehe za kutimiza mwaka mmoja wa utawala wa Mobutu. Aliupoteza ufalme akiwa mgeni wa karamu. Sidai kwamba karamu ndiyo iliyomwangusha; mambo ya siasa ya miaka ile yalikuwa mazito kuliko hayo. Lakini anayedhani kwamba sherehe ndiyo inayolishikilia taifa na azikumbuke siku hizo 88.

Kutoka katika mifano hii nimepata maswali matatu ya kuipima sherehe yoyote inayolipiwa na umma.

La kwanza: je, mlipaji anaweza kukataa, au angalau kuuliza? Shangazi aliyeleta mafuta kwenye harusi ya dada yangu angeweza kuleta kidogo, au kutoleta, na bado angepewa mahali pa kukaa. Mchango wa daftari hauna nafasi hiyo. Kodi nayo hukusanywa kwa lazima, najua, lakini kodi ina bajeti inayojadiliwa na wabunge, na mwananchi anaweza kuulizia hesabu yake.

La pili: je, mlipaji yumo ndani ya sherehe, au anaitazama kutoka barabarani? Harusini, aliyeleta mbuzi alimla mbuzi. Sherehe ambayo walipaji wake wanapangwa juani huku wageni wakila kivulini ina jina la taifa, lakini haina taifa ndani yake.

La tatu: je, sherehe inaijua hali ya watu? Baba hakufuta harusi, lakini aliipunguza. Hakuna aliyekunywa soda mbili. Mwenye kuomboleza pamoja na watu wake anajua namna ya kufurahi pamoja nao.

Nimesikia pingamizi moja ambalo silidharau. Wapo wanaosema kwamba fedha za sherehe ni kidogo mno kuweza kuondoa ugumu wa maisha. Hesabu inawaunga mkono. Serikali ya Uingereza ilitoa baadaye taarifa kwamba kutawazwa kwa Charles kuliigharimu hazina ya umma pauni milioni 72, pamoja na gharama za ulinzi. Nchi ile ina watu zaidi ya milioni 67. Gawanya, na kila mmoja anapata pauni moja na ushei. Nani ataokolewa na pauni moja?

Lakini kisima nacho ukikigawa kwa kijiko nchi nzima, hakuna atakayekata kiu. Fedha za umma hazitumiki kwa kugawanywa namna hiyo. Zinawekwa mahali pamoja, zinafanya jambo moja: bweni, barabara, dawa za zahanati, au jukwaa. Wanafunzi wanaolala katika mabweni yale ya Tanzania hawakupewa shilingi chache kila mmoja, walipewa paa. Na upande wa mlipaji vivyo hivyo: kiasi kilichotoka kwa mama yangu kilikuwa kidogo katika hesabu ya sherehe, lakini kwake kilikuwa nauli yote na mtihani wa mwanawe.

Kwa hiyo sisemi tena kwamba zifutwe zote. Ngoma za Gishora zipigwe, na wapigaji walipwe vizuri, maana nao wananunua chumvi. Siku za taifa zikumbukwe. Kila tarehe 13 Oktoba tunamkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa mwaka 1961. Alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa, na angeweza kuishi kwa kulimiwa. Lakini mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, akakaa na watu wa sokoni, wakiwemo Waswahili, akasikiliza mizani yao. Ninaamini kumbukumbu ya mtu kama huyo haiharibiki ikifanywa kwa maneno machache na ngoma chache. Inaharibika ikifanywa kwa fedha ya muuza chumvi aliyeogopa daftari.

Kabla ya kuikabidhi insha hii nilimsomea mama kwa simu sehemu ya maswali matatu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nimesahau swali la nne: wakishamaliza kula, nani anaosha vyombo? Nilicheka, lakini nilipokata simu nikaona hakuwa anatania. Sherehe huisha saa kumi jioni. Kesho yake deni linabaki, bei ziko palepale, na yule anayelimiwa amekwisha kwenda kulala. Anayebaki na vyombo ni anayelima. Msomaji mwenzangu, safari ijayo utakaposikia ngoma ikilia, ifurahie, kisha mtafute huyo umuulize kama ameshiba.