Umeme Ukikatika, Nani Amepumzika?

Malori yanayoingia mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia hayapiti bila karatasi, na siku hizi karatasi hizo huanzia kwenye ordinatere. Katika ofisi ndogo za mawakala wa forodha mjini Lubumbashi, karani huketi tangu asubuhi akijaza matamko ya mizigo, macho kwenye skrini, shingo imekakamaa. Mara nyingi anayemwinua kitini ni SNEL, shirika la umeme. Umeme ukikatika, kwanza watu wanalalamika, kisha wanatoka nje, wananyoosha migongo, wananunua karanga, wanaulizana habari za nyumbani. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, imefanya kazi ambayo mwajiri hakuifanya.

Je, hilo ni pumziko?

Kwa macho, ndiyo. Anayekazia skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, na macho yanakauka. Ushauri unaotolewa sana ni kutazama mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20 kila baada ya dakika 20. Jicho halijali nani amekata umeme. Ila mtu si jicho tu, na hapo swali linatoka kwa daktari na kuingia kanisani na msikitini: pumziko ni la nani? Ni la mwajiri anayetaka karani arudi na nguvu, au ni la karani mwenyewe, hata kama halimletei bosi faida yoyote?

Mji huu wa Lubumbashi uliwahi kupewa jibu la kwanza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao: nyumba, posho ya chakula, hospitali, shule. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu yake, maana mwenye afya na usingizi wa kutosha alitoa shaba zaidi. Alitunzwa jinsi mashine inavyotiwa mafuta. Desemba 1941 watu hao waliotunzwa waligoma kudai mishahara, na askari wakawapiga risasi katika uwanja wa michezo wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Makumi walikufa.

Miaka minne baadaye, mjini humohumo, Mfransisko Placide Tempels alichapisha La philosophie bantoue, kitabu ambacho wanafalsafa wa Afrika wanakibishania mpaka leo, na wakosoaji wake wana haki: padri mmoja Mbelgiji alijitwika kuwasemea Wabantu wote. La maana zaidi alilifanya baadaye, miaka ya 1950, katika kambi za migodi karibu na Kolwezi, pale yeye na waumini wake walipoanzisha harakati ya Jamaa. Mafundisho yake yalizunguka mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Tani za shaba hazimo. Mchimbaji aliyeketi na mkewe kuyatafakari hayo hakuwa anajiandaa kwa zamu ya kesho.

Jibu hili la pili ni la kale: Torati inatoa sababu mbili za Sabato. Katika Kutoka, Mungu alipumzika baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati sababu ni nyingine: mlikuwa watumwa Misri, basi mtumishi wenu naye apumzike, na ng'ombe, na punda, na mgeni. Hakuna mahali panaposema wapumzike ili wafanye kazi vizuri zaidi kesho yake. Uislamu unakataa kabisa kwamba Mungu aliguswa na uchovu, na Ijumaa yake si siku ya kukaa bure: biashara inaachwa, watu wanaswali, kisha wanatawanyika kutafuta riziki. Kwa mtu wa ofisini mfano huu una nguvu ya pekee, kwa sababu unakata kazi katikati. Mhasibu Mwislamu anayeinuka adhuhuri kwenda kutawadha hatoi udhuru wa macho kuuma. Ana miadi na Aliye juu ya mkurugenzi.

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka kikomo cha saa 45 kwa juma, pamoja na pumziko la kila juma, kwa kanuni siku ya Jumapili. Mama anayenyonyesha anapewa nafasi mbili za nusu saa kila siku, zinazolipwa kama saa za kazi. Kipengele hicho kidogo kinaikaribia Sabato kuliko vingine, kwani hakiulizi kampuni itapata nini. Ulaya ina agizo la mwaka 1990 kuhusu skrini hasa: kazi hiyo ikatizwe mara kwa mara kwa mapumziko, au kwa shughuli nyingine. Hiyo “au” inafichua mengi. Mtu anaweza kuhamishiwa kupanga mafaili, skrini ikapumzika, yeye asipumzike.

Na wasio na mshahara wa mwezi? Wapiga chapa wanaowaandikia wanafunzi tasnifu hulipwa kwa ukurasa. Kwao dakika kumi za kupumzika ni faranga zilizopotea. Wahubiri hupita haraka kwenye sura ya 16 ya Kutoka: jangwani watu walipewa mana maradufu siku ya sita, ndipo wakakaa siku ya saba. Pumziko lilikuja limeshalipiwa. Mwenye kibanda cha kuchapa anayefunga Jumapili kwa heshima ya ibada, huku akilipa kwa ukurasa tu, ameamuru Sabato bila kutoa mana. Angeweza kuweka kima cha chini cha malipo ya juma, au kupandisha bei ya ukurasa; ila bei ikipanda, gharama inamwangukia mwanafunzi, ambaye mara nyingi naye hana kitu.