Furaha ya Njia na Machozi ya Waliotangulia



Mara nyingi tumeulizwa, hasa na vijana, kama ni halali mtu kusafiri kwa kujifurahisha tu, pasipo biashara, wala ugonjwa, wala msiba wa jamaa. Wazee wetu walisafiri kwa haja, na mtu aliyekwenda mbali bila haja walimwita mzururaji. Swali hili si jepesi. Basi, kabla ya kulijibu, twataka kueleza jambo lililotupata katika nchi ya Marekani, maana huko swali hili lilitujia kwa namna iliyo kali zaidi.

Katika majira yao ya joto tulikuwa wageni wa rafiki zetu wanne katika upande wa kusini wa nchi ile. Hao hufunga safari ya pikipiki kila mwaka, kwa ajili ya kupumzika na kuwa pamoja. Wakatuambia, "Mchungaji, njoo, tutakuchukua." Tukavaa kofia ngumu, tukapanda nyuma ya mmoja wao, tukaanza safari karibu na mji wa Nashville, tukishika njia iitwayo Natchez Trace.

Njia hii ina urefu wa maili 444. Yatoka Tennessee, yakata pembe ya Alabama, kisha yapita katika jimbo la Mississippi mpaka mji wa Natchez, ulio juu ya ukingo wa mto mkubwa. Malori ya biashara yamekatazwa humo. Hakuna mabango ya matangazo, wala mahali pa kuuzia petroli kando yake, na sehemu kubwa ya njia hairuhusiwi kupita mwendo wa maili 50 kwa saa. Basi mtu huona misonobari, mashamba, na miti isimamayo ndani ya maji ya kinamasi. Mchana jua lilituchoma; jioni mvua ikatunyeshea, tukajificha chini ya daraja huku tukicheka kama watoto.

Tena rafiki zetu walikuwa na desturi iliyotupendeza. Mmoja hutangulia, na mwingine aliye mzoefu hufuata mwisho kabisa, ili asiachwe mtu. Wakifika penye njia panda, wa mbele husimama, wala haendelei mpaka amemwona wa mwisho. Hata aliye hodari huenda mwendo wa aliye mnyonge.

Lakini njia ile haikuanza na lami. Hapo kale ilikuwa njia ya miguu ya Wachickasaw, Wachoctaw na Wanatchez, wenyeji wa nchi. Baada ya sheria ya mwaka 1830, Wachickasaw na Wachoctaw waliondoshwa katika nchi yao, wakapelekwa magharibi ya mto, na wengi walikufa safarini. Kabla ya hayo walipita wachukuzi wa mtoni. Walishuka na bidhaa katika mashua pana, wakaziuza bidhaa na mbao za mashua pia, kwa kuwa hazikuweza kupanda mto. Kisha wakarudi kwao kwa miguu, yapata siku 35. Merikebu za moshi zilipoanza kupanda mto ule, wakaiacha njia. Na tena walipita watu weusi, waliofungwa minyororo wawili wawili, wakiswagwa kutoka majimbo ya mashariki ili wauzwe katika mashamba ya pamba.

Tulipofika Natchez tulikwenda mahali paitwapo Forks of the Road. Palikuwa na soko la watumwa, mojawapo ya masoko makubwa ya upande ule, lililodumu mpaka askari wa Kaskazini walipouteka mji mwaka 1863. Leo hakuna kitu kikubwa cha kutazama. Kuna majani, vibao vyenye maelezo, na pingu zilizotiwa katika saruji chini, penye miguu ya mtu.

Hapo rafiki zetu wakakosana. Mmoja akasema, "Twendeni zetu. Tulikuja kupumzika, hatukuja kuomboleza." Wa pili akajibu kwa uchungu, "Basi haikutupasa kuja. Tumecheka siku tatu juu ya makaburi ya watu." Wakanyamaza, kila mtu ameugeukia upande wake, nasi tukaogopa kwamba urafiki wa miaka mingi utavunjika pale pale.

Mmoja wa wale wanne ni mtu mweusi, ambaye jamaa zake wa zamani waliuzwa katika jimbo lile. Yeye alikuwa kimya. Mwisho akasema, "Mimi siwaombi mlie. Nawaomba msimame kidogo. Wazee wangu walipita hapa kwa kupigwa. Mimi nimepita kwa kupenda, pamoja na rafiki zangu. Nadhani wangefurahi kuniona." Basi tukasimama wote, bila neno, kwa muda mrefu. Na wale wawili wakapeana mikono kabla ya kupanda pikipiki.

Tangu siku ile tumelifikiri neno lake. Asemaye kwamba haifai kufurahi mahali ambapo wengine walilia, amejifungia dunia nzima. Maana ni njia gani isiyopata kudondokewa machozi? Njia ya kale kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, na leo watu huzipita nchi zile wakienda arusini, wala hatuwalaumu. Walakini asemaye, "Yaliyopita si kazi yangu," naye amepotea. Huyo ni kama yule kuhani aliyemwona mtu amelala njiani, akapita upande wa pili.

Kwetu sisi kipimo ni hiki. Iko furaha iwezayo kukaa pamoja na kweli, na iko furaha ikaayo kwa kutojua tu. Ukielezwa habari za mahali na furaha yako ikafa kabisa, au ukakasirika kwa sababu umeelezwa, ujue ilikuwa usingizi. Lakini ukisikia, ukasimama, ukaheshimu, kisha ukaendelea na safari pamoja na wenzako, furaha hiyo ni halali, tena ina shukrani ndani yake.

Na ile desturi ya kumngoja wa mwisho, twaona yafaa kuipanua. Waliotembea njia ile kwa minyororo, na walioondoshwa katika nchi yao, wao pia ni wa msafara wetu. Wako nyuma sana, nao hawawezi kupiga honi ili tuwasikie. Aliye mbele hana budi kusimama penye njia panda na kutazama nyuma.

Basi, ndugu, mwezi huu mwulizeni mzee mmoja wa kijiji chenu: njia hii tupitayo kila siku kwenda sokoni, nani waliikanyaga kwanza, na walikuwa wamechukua nini?