Mwenye Mtambo Ana Uhuru Gani?

Je, kumiliki mtambo wa kupigia chapa ni kuwa huru? Mwaka 1917, Leonard na Virginia Woolf walinunua mtambo mdogo wa mkono, wakauweka nyumbani kwao Richmond, Uingereza, wakawa wapanga herufi moja moja. Hawakuwa na bwana. Hata hivyo, mwaka 1918 walipoletewa mswada wa *Ulysses* wa James Joyce, waliukataa: kazi ile ilipita uwezo wa mtambo wao. Wachapaji wenye mitambo mikubwa nao waliogopa sheria. Kitabu kilitoka Paris mwaka 1922.

Basi, walimu wenzetu, twaona kwamba uhuru bila nguvu hupungukiwa, na nguvu bila ujasiri haina faida. Mchapaji mdogo hawezi kuchapa yote; yampasa achague kwa haki, si kwa hofu.