Je, Kutengeneza Uso Uliopooza ni Kubadili Maumbile ya Mwenyezi Mungu?

Tumeulizwa katika darsa letu: mtu aliyepooza upande mmoja wa uso, je, yafaa apasuliwe ili uso umrudie, au huko ni kubadili maumbile, na wajibu wake ni kusubiri tu?

Swali hili halikuzuka bure. Ndugu yetu mmoja, msomaji wa Qur'ani, aliamka alfajiri mdomo umekwenda upande na jicho halifumbi. Akaambiwa amepigwa kofi na jini, akazungushwa kwa waganga siku arubaini. Alipofika kwa tabibu, jicho lilikuwa limekwisha kudhurika kwa ukavu.

Enyi ndugu, maradhi haya si mageni. Al-Razi na Ibn Sina waliyaandika zamani kwa jina la lakwa. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu wa uso ulioacha kufanya kazi, na pengine ni kiharusi. Kwa yote mawili yapasa kukimbilia hospitali siku ile ile. Wengi hupona, na dawa hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku 3 za mwanzo.

Asiyepona, matabibu humtilia kipande kidogo cha dhahabu ndani ya ukope wa juu, ili uzito wake ulifumbe jicho. Na tangu matabibu wa Japani walipoeleza njia yao mwaka 1976, huweza kutolewa msuli wa paja ukatiwa shavuni. Kisha mgonjwa hujizoeza mbele ya kioo kwa miezi mingi.

Kubadili kulikokatazwa ni kwa asiyeridhika na kiungo kizima. Huyu ataka kurudishiwa alichoumbwa nacho: jicho lifumbe, maji ya kusukutua yasimwagike, na midomo ikutane kwa herufi ya ba na mim. 'Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha, ikanuka, Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume. Ikiwa dhahabu iliruhusiwa puani kwa dharura, vipi ikatazwe katika ukope unaolinda jicho?

Ama subira, si kuiacha dawa. Subira ni ile miezi mbele ya kioo.

Lakini ndugu yetu hakuacha kuja msikitini kwa sababu ya maradhi. Aliacha kwa kuwa tulimcheka alipokosea herufi. Hilo halina tabibu ila toba yetu, na kwenda kumwomba radhi mlangoni kwake.

Wabillahi tawfiq.