Tumaini Hulelewa Nyumbani

Bibi alipokuwa akiugua nyumbani kwetu, kila jioni tuliwaambia watoto, "Msiwe na wasiwasi, bibi atapona." Tulisema hivyo kwa upendo. Bibi akafariki. Baada ya mazishi mtoto wetu mdogo akatuuliza, "Baba, mlijuaje kwamba bibi angepona?" Tulinyamaza.

Je, tulikuwa tumewafundisha watoto tumaini, au tuliwapa ahadi ambayo haikuwa yetu kuitoa? Wazazi wengi tunachanganya mambo haya mawili. Tunasema mtihani utafaulu, mvua itanyesha, kazi itapatikana. Yasipotokea, mtoto huanza kututilia shaka sisi, na hata Mungu tuliyemtaja.

Mtume Paulo katika Warumi 5:3-4 haanzi na tumaini. Anaanza na dhiki, kisha saburi, kisha uthabiti wa moyo, na tumaini linakuja mwishoni kama tunda. Saburi nayo haifundishwi kwa hotuba. Mtoto huizoea katika mambo madogo yanayorudiwa kila siku, siku njema na siku mbaya.

Martin Luther aliliona hili. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliiandika akiwafikiria wenye nyumba, wawafundishe watu wa nyumbani mwao. Alitoa sala ya asubuhi, na baada yake mtu aende kazini kwa furaha. Na sala ya jioni, kisha alale kwa amani. Mwaka uleule alizaliwa binti yake Magdalena, ambaye alimzika mwaka 1542 akiwa na miaka 13. Aliyetufundisha kulala kwa amani aliyajua machozi ya mzazi.

Siku hizi, baada ya chakula cha jioni, kila mmoja wetu hutaja jambo moja la kushukuru na moja linalomwumiza. Asiye na la kushukuru hatumlazimishi. Tunayaombea yote. Mgonjwa akiwapo tunasema, "Hatujui kama atapona. Tunamwomba Mungu, na hatutamwacha peke yake."

Ahadi moja tunaitoa bila kusita, kwa sababu si yetu: Kristo amefufuka, na walio wake watafufuka pamoja naye. Mtoto akituuliza tena tulijuaje, hapo tunalo jibu. Wapendwa, tuwaambie watoto ukweli, kisha tuwashike mikono tuombe nao, leo na kesho pia.